Kizibo Kilichofungwa kwa Waya

Binti yangu ni muuguzi. Juzi alipokuja kunitazama aliniletea chupa ya mpira, nyekundu, bapa kama mfuko, ya kutia maji ya moto na kuiweka magotini wakati wa baridi. Akanikalisha kitini kama mgonjwa wake wa wodini, akaanza kunifundisha. "Mama, maji yakichemka usiyamimine hapo hapo, yaache yapoe kidogo. Usijaze mpaka juu. Na ukishaifunga, usije ukaiweka karibu na moto hata siku moja." Nikasema nimesikia. Akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio ndiyo yanayoniuma. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo la moto nalijua tangu nilipokuwa na mapengo ya meno ya utoto." Akacheka, akauliza nani alinifundisha.

Hakuna aliyenifundisha. Nililiona kwa macho yangu, nikalisema kwa mdomo wangu, na hakuna mtu mzima aliyenisikiliza. Nikiwa pale kitini, mwanamke mwenye wajukuu, nilishikwa na hasira ambayo nilidhani nimeizika pamoja na mama yangu. Ninyi mliokuwa watoto wakati wa Wadachi mtanielewa. Mtoto wa siku zile alikuwa na macho na miguu ya kutumwa. Mdomo hakupewa.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kijiji chetu kilikuwa kwenye kipande chembamba cha mchanga kati ya milima na ziwa, na milima yenyewe ilikuwa imesimama wima hata mbuzi walifikiri mara mbili kuipanda. Kila tulichokitaka kilikuja kwa mtumbwi na kila tulichokuwa nacho kilitoka kwa mtumbwi. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga, na siku ya soko Baba alipanga vyungu vya Mama mtumbwini, kimoja ndani ya kingine, nyasi katikati, tukavuka kwenda Lyulilo. Huko watu wa bondeni, wa Busale na kwingineko, walikuja na mahindi, maharage na mpunga. Hapakuwa na maneno mengi. Anayetaka chungu alikijaza maharage, akayamimina kwenye kikapu chetu, akaondoka na chungu chake. Mama alikuwa na sehemu yake chini ya mti mdogo karibu na maji, na wanawake walimfuata pale pale, maana vyungu vyake vilikuwa vyembamba, vyepesi kichwani, na havikuwa vikipasuka motoni. Nakumbuka harufu ya mikono yake: udongo mbichi, ngeu nyekundu ya kupakia vyungu, na samaki. Nakumbuka alivyouonja udongo kwa ncha ya ulimi kabla ya kuukubali.

Misheni ilikuwa upande wa pili wa ghuba. Mchungaji alikuwa Mzungu mrefu aliyejua Kinyakyusa vizuri, lakini Kikisi chetu hakukijua. Mkewe tulimwita Bibi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye maumivu ya nyonga yaliyomfanya atembee amejikunja. Alikuwa amekuja kutoka kwao na chupa ya udongo mgumu, ya kahawia, ambayo mpishi wake aliijaza maji ya moto, akaiziba, naye Bibi akalala nayo ubavuni. Chupa hiyo ilianguka ikavunjika. Ndipo Bibi alipomwita Mama, akamwonyesha vipande, akamwuliza kama anaweza kutengeneza nyingine. Kisha akanitazama mimi, akanishika kidevu, akasema kwa Kinyakyusa chake cha taratibu kwamba mvua zikiisha niletwe kwake pamoja na wasichana wengine wachache, nijifunze kusoma na kushona. Baba na Mama walirudi mtumbwini wakitabasamu kama watu waliookota kitu wakaogopa kukisifia.

Mama alijaribu mara nyingi. Za kwanza zilipinda, nyingine zilipasuka wakati wa kuchoma. Mwishowe ikatoka moja nzuri sana: tumbo la mviringo lenye upande mmoja bapa ili ikae kitandani, shingo fupi, na kwenye shingo mdomo uliotokeza nje ili kamba ipate kushika na chupa itundikwe. Aliipikia uji mzito ndani mara kadhaa ili vitundu vya udongo vizibe, isivuje. Kizibo Baba alikichonga kwa mti mgumu, akakizungushia ukanda wa mgomba. Bibi alipoipokea aliibusu. Sisi watoto tulicheka njia nzima, mtu kubusu chungu!

Mpishi wa misheni aliitwa Ambilikile. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa, Mkristo, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba, na kila mtu alimpenda. Mimi pia nilimpenda. Baba alipopeleka samaki misheni nilikwenda jikoni kwake, akanipa maganda ya viazi vya Kizungu vilivyokaangwa. Jiko lilikuwa mbali na nyumba, kibanda chenye mafiga na meza moja, na kero yake kubwa ilikuwa chupa ile.

"Nikimimina maji ya moto hapa, mpaka nifike kwa Bibi yamepoa," aliniambia. "Nikifika ananiambia, 'Ambilikile, baridi!' Narudi. Napasha tena. Mguu wangu ndio utakaokuwa na maumivu sasa."

Basi akaanza kuijaza chupa, kuiziba, na kuiweka yenyewe kwenye makaa, iwe moto mpaka dakika ya mwisho. Siku ya kwanza nilipoiona pale makaani nilichuchumaa kuitazama. Ilikaa kimya. Kisha ikaanza kutoa sauti nyembamba kando ya kizibo, kama mbu, na ghafla kizibo kikaruka pwaa! kikagonga paa la nyasi na maji yakatapika juu ya makaa. Ambilikile alilaani, kisha akaomba msamaha kwa Mungu, kisha akacheka. Siku nyingine ikawa hivyo hivyo.

Sasa niwaambie nilivyoelewa mimi. Maji ya misheni yalichotwa ziwani. Na siku zile upepo wa mwela ulikuwa unavuma, ziwa linapiga kelele usiku na mchana. Nilijua, kwa uhakika ule wa mtoto, kwamba maji ya ndani ya chupa yanasikia wenzao wakiita, na moto unayaudhi, kwa hiyo yanasukuma kizibo ili yarudi nyumbani. Sikuona ajabu yoyote. Hata mimi ningesukuma.

Siku ile Baba alikuwa nje akipima samaki na mtumishi wa Mchungaji. Niliingia jikoni nikamkuta Ambilikile ameipakata chupa mapajani. Alikuwa amekigonga kizibo kwa nyundo mpaka kimezama, na sasa alikuwa anakipitishia waya mnene juu, anauzungusha chini ya mdomo wa shingo, anausokota kwa koleo. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyemshinda adui.

"Leo haiendi popote," alisema.

"Kaka, maji yanataka kutoka," nikamwambia.

"Yatatoka nikiyaruhusu."

Akaiweka makaani, akarudi mezani kumenya ndizi. Mimi sikuweza kuacha kuitazama. Safari hii haikutoa sauti ya mbu. Ilitoa kitu kidogo zaidi, kama mtu anayekoroma kwa mbali, na ukanda wa mgomba pembeni mwa kizibo ukawa unatokota mapovu madogo madogo. Nikasema, "Inalia." Aliendelea kumenya. Nikasema tena kwa sauti kubwa, "Kaka, inalia! Yatoe!" Akanikemea kwamba nampigia kelele, akanipa kata nikalete maji ya kuoshea ndizi. Nilitoka nimenuna. Nilikuwa sijafika kwenye mtungi wa nje nikasikia mshindo ambao sikuwa nimewahi kuusikia, nikadhani mwamba umedondoka kutoka mlimani. Nilipogeuka, mlango wa jiko ulikuwa unatoka moshi mweupe na majivu, na ndani yake sauti ya Ambilikile, lakini sasa haikuwa ya kuimba.

Alikuwa ameinama kuchochea makaa wakati ule ule. Maji na mvuke vilimbabua upande mmoja wa uso, shingo na mkono. Watu walikuja mbio, wakambeba, wakammwagia mafuta. Bibi alilia. Katika vurugu ile mimi niliona karibu na kizingiti kipande kimoja kilichobaki kizima: shingo ya chupa, na kizibo bado kimo, na waya bado umesokotwa. Tumbo lote lilikuwa limetawanyika, lakini kizibo hakikuwa kimesogea hata kidogo. Nikakiokota.

Njiani kurudi nilikaa mtumbwini nimekishika kwa mikono miwili. Baba aliacha kupiga kasia. "Umeshika nini?"

"Shingo ya chupa, Baba. Alifunga waya. Maji yalitaka kutoka, akayafunga."

Alinyoosha mkono nikampa, nikifurahi kwamba anataka kuona. Hakukitazama. Alikitupa ziwani.

"Mtu amebabuka uso," alisema, "na wewe unakusanya vigae vya kumshtakia?"

Nililia mpaka tukafika. Nilipomweleza Mama habari ya waya, alisimama kidogo, akafikiri, akasema, "Waya? Labda alitaka kuitundika. Ndiyo maana niliweka mdomo." Nikamwambia hapana, ulipita juu ya kizibo. Lakini Mama alikuwa tayari hanisikilizi. Alikuwa ameketi mbele ya lundo lake la udongo, anauchukua kidogo, anauonja, anautema.

Siku chache baadaye tuliitwa misheni. Ambilikile alikuwa bado kitandani, na alichoweza kusema ni kwamba chungu kilipasuka. Mchungaji aliketi barazani na wazee wa kanisa wawili, na kando walisimama watu wa ukoo wa Ambilikile, mama yake akiwa mbele, mwanamke mnene, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka shamba la mbali. Mchungaji hakuwa mkali. Aliuliza kama udongo ulikuwa mzuri, kama chupa ilichomwa vya kutosha. Mama akajibu kwa sauti ndogo kwamba alifanya kama anavyofanya siku zote.

"Siku zote!" mama yake Ambilikile akasema. "Basi siku zote mnatuletea vyungu vya kutuua. Ninyi watu wa mchangani mnatazama kikapu chetu tu, mwone kama kimejaa."

Mama akainama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hakuna aliyeniita, lakini nilitoka mbele. Kwa hofu Kinyakyusa chote kilinikimbia, nikasema kwa Kikisi: "Maji yalitaka kutoka, na yeye akayafunga kwa waya."

Wazee walicheka. Mchungaji akauliza mtoto anasema nini. Mzee mmoja, aliyejua Kikisi kidogo, alifikiri, kisha akamtafsiria. Nilimsikia vizuri, maana Kinyakyusa nilikielewa hata kama hakikutoka mdomoni. Alisema: "Anasema ndani ya maji yale kulikuwa na pepo aliyefungwa."

Sijui kama mmewahi kuona neno lenu likibadilishwa mbele ya macho yenu. Nilitikisa kichwa, nikapiga kelele, "Waya! Waya!" Baba akanishika bega akanivuta nyuma. Uso wa Mchungaji ulikuwa umebadilika. Chungu angekisamehe, nadhani. Lakini sasa alimtazama Mama kwa huzuni ya mtu aliyedanganywa, akamwambia kwamba alidhani nyumba yake ni ya Wakristo, na kumbe watoto wanafundishwa habari za mapepo ya ziwani. Akasema ni vizuri nisubiri kwanza, nisije kwa Bibi mwaka ule, mpaka wazazi wangu waniweke sawa. Mama alisema, "Ndaga," asante, kwa sababu hakujua jambo jingine la kusema.

Mtumbwini hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Siku ya soko iliyofuata, Lyulilo yote ilikuwa imesikia. Mama alipanga vyungu vyake chini ya mti wake mdogo. Wanawake walikuja, wakasalimia, "Mugonile," kwa adabu zao zote. Wakainama, wakagonga vyungu kwa vidole, wakasikiliza, wakavirudisha, wakaenda kwa mfinyanzi mwingine. Walikuwa hawajawahi kugonga vya Mama. Mama yake Ambilikile alipita na kusema, bila kumtazama mtu, "Anayetaka kubabuka aje hapa." Tulirudi na vyungu karibu vyote, na mtumbwi mzito hivyo kwenye upepo wa mwela ni hatari, Baba alipiga kasia ameuma meno.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba Mama aliamini. Aliamini kwamba udongo wake umemsaliti. Aliacha shimo ambalo mama yake na bibi yake walikuwa wamechimba, akaenda kutafuta udongo mbali, mlimani, akaubeba mgongoni. Udongo ule ulikuwa mbaya. Vyungu vilipinda upande, vilipasuka wakati wa kuchoma, na vile vilivyosalimika vilikuwa vizito kama mawe. Basi maneno ya soko yakapata ushahidi. Kila niliposema, "Mama, ni waya," alinijibu kwa upole ulioniudhi kuliko kofi: "Mwanangu, waya hauvunji chungu."

Nikaamua kumwonyesha. Nilifinyanga kichupa kidogo, cha ukubwa wa ngumi yangu, nikakiingiza kwenye moto wa vyungu vya mama mdogo, dada yake Mama, kikaiva. Nilichonga kizibo. Waya sikuwa nao, nikafunga kwa kamba ya mgomba, nikasokota kama nilivyomwona Ambilikile akisokota. Nikakitia maji, nikakiweka makaani nyuma ya nyumba, kisha nikakimbia kuwaita. Mama alikataa kuja. Mama mdogo akaja, ananung'unika. Bila shaka kamba iliungua kabla ya kitu chochote kutokea, na kizibo kikaruka juu, kikampita mama mdogo sikioni. Kichupa chenyewe kilibaki kizima kabisa, kinatoa moshi mweupe kwa starehe zake.

"Unaona?" nikapiga kelele. "Yanataka kutoka!"

Alichoona mama mdogo ni mtoto anayecheza na moto katika nyumba ambayo tayari ina jina baya kwa ajili ya moto. Alinichapa kwa mwiko. Na wakati ananichapa nilikuwa bado najaribu kumweleza habari ya tofauti ya kamba na waya.

Mvua zikaja, zikaisha. Wasichana waliochaguliwa walikwenda kwa Bibi, niliwaona kanisani wamevaa magauni ya mistari. Kisha, siku moja, mvuvi mmoja alileta ujumbe kwamba Bibi anamwomba Mama chupa nyingine. Nyonga ilikuwa inamtesa. Mchungaji hakupenda, lakini Bibi alikuwa ameomba mwenyewe.

"Sitafinyanga," Mama alisema.

Alikaa nalo hilo kwa muda. Kisha asubuhi moja nilimwona anakwenda kwenye shimo la zamani, lile la bibi yake, anachimba. Alifinyanga chupa hiyo bila kuzungumza na mtu. Ilipokuwa tayari alimwambia Baba, "Nitaipeleka mimi, na nitaiona ikitumiwa." Nikamfuata mtumbwini, na hakunirudisha.

Ambilikile alikuwa amepona na kurudi jikoni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa wa waridi na kukunjamana, jicho moja halikufunguka vizuri. Alimsalimia Mama kwa heshima, "Ugonile, mama," na Mama akaitikia akitazama chini. Ambilikile aliijaza chupa. Alikigonga kizibo. Kisha, mbele yetu, bila wasiwasi wowote, alinyoosha mkono juu ya rafu akashusha waya.

Nilifungua mdomo, lakini Mama alikuwa amekwisha kumshika mkono.

"Waya wa nini?"

"Kizibo, mama. Kinaruka. Usipokifunga kinaruka mpaka juu ya paa."

"Na ile ya kwanza uliifunga?"

"Niliifunga sana," alisema. Ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe.

Mama alichukua chupa, bila waya, akaiweka kwenye makaa. Akatuvuta sote mpaka mlangoni. Tulisimama pale watatu, tukisubiri. Ikaja sauti ya mbu. Kizibo kikaruka, kikagonga nyasi, kikaanguka kwenye unga. Mama alikwenda akaiinua chupa kwa kitambaa, akaigeuza huku na huku, akaigonga kwa kidole, ikalia vizuri. Ilikuwa nzima. Alitoa pumzi ndefu, kisha akaketi pale pale chini, kwenye majivu, akashika kichwa. Nadhani alikuwa anaukumbuka ule udongo wa mlimani mgongoni.

Ambilikile alikuwa bado ameshika waya. Alikuwa anautazama kama mtu anayetazama nyoka aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja. "Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi mwenyewe."

"Utasema?" Mama akamwuliza.

"Nitasema. Jumapili, mbele ya watu wote."

"Na habari ya mtoto huyu? Kwamba hakusema pepo?"

"Hiyo pia."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Jumapili tulivaa vizuri. Ambilikile aliimba, sauti yake ilikuwa imerudi karibu yote. Hakusema. Baada ya ibada alitufuata nyuma ya kanisa akamwambia Mama, macho chini, kwamba waya ule aliutoa ghalani bila ruhusa, na kwamba mtumishi wa kabla yake alichapwa viboko na kufukuzwa kwa msumari tu. "Nipe muda, mama. Jumapili ijayo." Jumapili ijayo pia aliimba. Nyingine hivyo hivyo. Nilifikia kuuchukia wimbo wowote aliouanza.

Nikamwambia Mama, twende tukaseme wenyewe. Akasema, "Nani atatusikia? Neno hili lina maana likitoka kwake." Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniudhi.

Kisha ikaja vita ya Wazungu. Mnakumbuka ilivyokuja: kwanza habari, halafu njaa, halafu askari wanaotaka wapagazi. Ambilikile alichukuliwa kubeba mizigo kama vijana wengine, jicho lake baya halikumwokoa. Baadaye Mchungaji na Bibi nao walipelekwa tusikokujua, na madirisha ya misheni yakapigiliwa mbao. Kusoma nilijifunza nikiwa nimekwisha kuolewa, herufi moja moja, kwa kitabu cha mwanangu.

Ambilikile hakurudi. Waliorudi walisema alikufa kwa kuhara, mbali, njiani. Tulisikia matanga yao kutoka ng'ambo ya maji.

Muda ulipita, soko la Lyulilo likaanza kupata watu tena. Mama alikuwa anakaa chini ya mti wake, akiuza kidogo kwa wageni wasiomjua, na wengine wakigonga vyungu vyake kama kawaida. Siku hiyo niliona wanawake wananyamaza mmoja baada ya mwingine. Mama yake Ambilikile alikuwa anakuja. Alikuwa amekonda, nguo ya msiba bado mwilini, na kichwani amebeba kikapu cha maharage. Alikuja moja kwa moja mpaka kwetu.

Hakugonga chungu. Alichagua kikubwa kuliko vyote, akakiweka katikati ya njia ambapo kila mtu angeona, akaanza kukijaza maharage. Alikijaza mpaka ukingoni, akaongeza mengine juu yake, yakawa mlima, yakamwagika. Ilikuwa zaidi ya bei, na wanawake wote waliona kwamba ni zaidi ya bei. Kisha akainama karibu na Mama, na yule mwanamke mwenye sauti ya kuita watu shambani akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa magotini pa Mama niliisikia kwa shida.

"Aliniambia. Asubuhi waliyomchukua. Aliniambia niseme sokoni."

Nilisubiri. Soko zima lilikuwa linatazama. Ilikuwa lazima tu ainue kichwa.

"Sema basi!" nikasema. "Sema kwa sauti!"

Mama alinifinya paja kwa nguvu hata alama ikabaki. Yule mwanamke alinitazama. Midomo yake ilifunguka, na nilidhani linakuja. Kisha akayamimina maharage kwenye kikapu chetu, akajitwika chungu kichwani, akaondoka nacho polepole katikati ya watu, na watu wakampisha.

Jioni ile, kabla jua halijazama, vyungu vyote vya Mama vilikuwa vimekwisha. Watu walikuwa wameona maharage, wakaelewa walivyoelewa. Mama aliimba mtumbwini, mara ya kwanza tangu chupa ile. Nilimwambia hakuna aliyesema kitu, kwamba hawajui habari ya waya, wala ya pepo ambaye sikumtaja kamwe, kwamba wanadhani amesamehewa, wakati hakukosa lolote. Aliendelea kuimba mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akasema, "Yametosha, mwanangu."

Kwake yalitosha. Alikufa akiwa na jina zuri, na namshukuru yule mama kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa pale, nikaona mdomo wake ukifunguka, neno likiwa limefika menoni, nikaona akilimeza. Kwangu hayakutosha, na mpaka leo hayajatosha.